Jinsi ya Kuisoma Ripoti ya Athari kwa Mazingira: Tujifunze kwa Mtambo wa Lamu Ambao Haukujengwa

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wajumbe wa kamati za mazingira za vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, watendaji, walimu, na mtu yeyote wa Kigoma ambaye siku moja ataletewa kitabu kinene na kuambiwa kwamba mradi unaokuja umekwisha kuchunguzwa, na kilichobaki ni kijiji kuridhia. Mfano nitakaoutumia unatoka mbali na kwetu, katika pwani ya kaskazini ya Kenya, ambako ulipangwa mtambo wa kufua umeme kwa makaa ya mawe ambao haukujengwa. Nimeuchagua kwa sababu shauri lake lilifika hadi hukumu, na hukumu hiyo inaonyesha, hatua kwa hatua, mahali ambapo ripoti ya mazingira inaweza kuonekana nzima huku ndani yake ina matundu.

Niseme wazi tangu mwanzo kwamba simwandikii mtu anayeukataa umeme. Sisi wa Kigoma tuliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli wakati mikoa mingine ikiwa kwenye gridi ya taifa, na tunajua maana ya mashine ya kusaga kusimama mchana na samaki kuoza kwa kukosa barafu. Mtu mwenye shida ya umeme ndiye anayehitaji zaidi kujua kusoma, kwa kuwa shida hiyohiyo ndiyo itakayotumiwa kumharakisha.

Mradi wenyewe ulikuwa nini

Mtambo wa Lamu ulipangwa kuwa na uwezo wa megawati 1,050, kwa mashine tatu za megawati 350 kila moja, mahali paitwapo Kwasasi, kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya Mji Mkongwe wa Lamu, mji ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mwendelezaji alikuwa kampuni ya Amu Power, iliyoanzishwa na makampuni mawili ya Kenya, Centum na Gulf Energy, na gharama ilitajwa kuwa karibu dola bilioni 2 za Marekani. Makaa yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini, kwa matarajio kwamba baadaye yangechimbwa Kitui, hukohuko Kenya.

Mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ilitoa leseni Septemba 2016. Novemba ya mwaka huohuo jumuiya ya Save Lamu na wakazi kadhaa walikata rufaa katika baraza la kitaifa la rufaa za mazingira, linalojulikana kama NET, na tarehe 26 Juni 2019 baraza hilo likaifuta leseni. Novemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haitaufadhili mradi, na mwaka uliofuata benki ya ICBC ya China nayo ikajitoa. Kampuni ilipinga uamuzi wa baraza, lakini Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi iliuacha usimame kama ulivyo.

Jambo ambalo wasomaji wengi hulikosa ni kwamba baraza halikusema makaa ya mawe ni haramu. Lilichosema ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, kwamba suala la mabadiliko ya tabianchi halikutazamwa kama sheria ya Kenya ya 2016 ilivyotaka, na kwamba ripoti ilikuwa na upungufu, ukiwemo wa michoro ya shimo la majivu. Yote hayo ni mambo ambayo mtu wa kawaida, mwenye subira na kalamu, anaweza kuyagundua bila kuwa mhandisi.

Ipate ripoti yote, na uiombe kwa barua

Kwa Tanzania, msingi wa kazi hii ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, Sura ya 191, inayotaka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi mkubwa haujaanza, pamoja na kanuni zake za 2005 zilizorekebishwa 2018. Msimamizi ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Kanuni zinataka ripoti iambatane na muhtasari unaojitegemea, usio na lugha ya kitaalamu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Huo wa Kiswahili ni haki yenu, wala msiupokee kama hisani ya mgeni.

Hata hivyo, msiridhike na muhtasari peke yake. Muhtasari huandikwa na yuleyule anayetaka mradi upite, na mara nyingi vitu vinavyouma hubaki katika viambatisho. Andikeni barua kwa afisa mazingira wa halmashauri ya wilaya, nakala kwa NEMC, mkiomba ripoti kamili na viambatisho vyake vyote, na barua hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa siku mliyoipeleka. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mtunza taarifa siku 30 za kujibu, na muhuri ndio unaoanzisha hesabu ya siku hizo. Ombi la mdomo, hata likitolewa kwa heshima na kupokelewa kwa tabasamu, halina tarehe.

Anzieni nyuma

Watu wengi hufungua ripoti ukurasa wa kwanza, hukutana na sura ndefu za sera na sheria, na huchoka kabla hawajafika panapowahusu. Mimi ninashauri kinyume chake. Fungueni viambatisho kwanza, mtafute mihtasari ya mikutano na karatasi za mahudhurio, kisha mwulize maswali haya: mkutano ulifanyika lini, wapi, nani aliuitisha, nani alihudhuria, nini kiliulizwa na kilijibiwaje. Halafu linganisheni tarehe za mikutano na tarehe za utafiti wenyewe.

Ulinganisho huo wa tarehe ndio ulioleta tofauti kule Lamu. Mikutano ilikuwapo, na hakuna aliyebisha kwamba watu walikutana, lakini baraza liliona kwamba mikutano hiyo ilikuwa ya utambulisho, iliyofanyika kabla ya utafiti kukamilika, na kwamba baada ya utafiti matokeo hayakurudishwa kwa wananchi ili wayajadili wakiwa wanajua kilichogunduliwa. Kanuni za Kenya za 2003 zilitaka mabango, tangazo gazetini kwa wiki mbili mfululizo, tangazo la redio kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu. Mtu hawezi kutoa maoni juu ya moshi ambao hajaambiwa ni kiasi gani, wala juu ya maji ya moto ambayo hajaambiwa yatamwagwa wapi, na kwa hiyo mkutano wa mapema kiasi hicho, hata ukijaa watu, hauwezi kuhesabiwa kuwa umewashirikisha.

Nina sababu yangu ya kulishikilia jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha mwambao ambako nilikuwa katibu wa kamati, alikuja mwekezaji aliyetaka kuweka mtambo wa kusaga kokoto karibu na ufukwe. Mkutano ulifanyika chini ya mwembe, karatasi ikapitishwa, tukaandika majina na kuweka sahihi. Karatasi ile haikuwa na kichwa cha habari. Ilikuwa na mistari tu, na sehemu ya juu ilikuwa tupu. Mama mmoja anayeanika dagaa alisimama akiwa bado ameshika fagio lake la kugeuzia, akauliza: “Vumbi la kokoto likiruka likatua kwenye dagaa wangu walioanikwa, nitawaosha kwa maji gani, na nikishawaosha nitamuuzia nani?” Mgeni alimjibu kwamba suala hilo lingefanyiwa kazi.

Tulipoipata ripoti, baada ya barua mbili na safari tatu za kwenda mjini, ile karatasi yetu ilikuwamo, lakini sasa ilikuwa na kichwa kilichopigwa chapa kinachosema kwamba waliotajwa hapo chini wameridhia mradi. Swali la mama halikuwamo popote. Katika muhtasari wa mkutano iliandikwa sentensi moja, kwamba wananchi waliupokea mradi kwa furaha na waliomba ajira kwa vijana. Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu, kwa kuwa sahihi yangu ilikuwa ya tatu kutoka juu.

Kwa hiyo msiweke sahihi kwenye karatasi isiyo na kichwa. Andikeni kwa mkono wenu, juu kabisa, “Mahudhurio tu, si ridhaa”, pamoja na tarehe, mahali na ajenda, kisha mpige picha kwa simu kabla karatasi haijaondoka. Ridhaa ya kijiji, pale ambapo sheria inaitaka, hupatikana katika mkutano mkuu wa kijiji ulioitishwa kwa utaratibu wake, wala haitoki katika orodha ya waliokunywa soda.

Geuzeni namba ziwe vitu mnavyovijua

Ripoti hujaa namba ambazo haziogopeshi wala hazifariji, kwa kuwa msomaji hana cha kuzilinganisha nacho. Megawati 1,050 ni nini kwa mtu wa Kibirizi au Katonga? Njia ni kuzivunja. Chukueni mtambo wa Lamu kama zoezi. Kwa makadirio ya kawaida, kila uniti moja ya umeme wa makaa ya mawe huhitaji kama kilo 0.4 za makaa. Megawati 1,050 kwa saa moja ni uniti 1,050,000, yaani tani 420 za makaa kila saa, na mtambo ukiwaka kwa nguvu zote mchana na usiku ni tani 10,000 na kidogo kwa siku. Lori kubwa la kubeba tani 30 lingehitaji kwenda safari zaidi ya 330 kwa siku kuubeba mzigo huo, na ndiyo maana ilipangwa meli badala ya barabara.

Sasa endeleeni na majivu. Tuseme katika kila tani kumi za makaa inabaki tani moja ya majivu, kiwango ambacho si cha kutia chumvi. Hiyo ni tani 1,000 kwa siku, na kwa mkataba wa kuuza umeme wa miaka 25, hata tukikadiria kwamba mtambo ungefanya kazi robo tatu tu ya muda wake, tunapata zaidi ya tani milioni 6. Majivu hayo hubeba ndani yake vitu vya sumu kama arseniki na madini ya risasi, ambavyo mvua huweza kuviosha na kuviingiza ardhini. Mlima wa namna hiyo unahitaji shimo lenye sakafu isiyovuja, kuta, mifereji, na mtu wa kulitunza muda mrefu baada ya mtambo kuzimwa, na hapo ndipo mtaona kwa nini upungufu wa michoro ya shimo la majivu haukuwa kosa dogo la makaratasi.

Zoezi hilohilo mnaweza kulifanya kwa mradi wowote. Ripoti ikisema lita kwa sekunde, igeuzeni iwe mapipa kwa siku. Ikisema hekta, igeuzeni iwe viwanja vya mpira. Ikisema ajira, ulizeni ni za miezi mingapi, maana ajira za ujenzi huisha jengo linapoezekwa. Mwalimu wa hisabati wa shule ya kata ni mtaalamu wa kutosha kwa kazi hii, na wanafunzi wake wa kidato cha tatu wakipewa karatasi na jioni mbili watawapa jedwali ambalo mwekezaji mwenyewe hakuwaonyesha.

Tafuteni kisichokuwemo

Hii ni kazi ngumu kuliko kusoma kilichoandikwa. Njia ninayoitumia ni kuandika, kabla sijafungua ripoti, maswali ambayo mimi na jirani zangu tungeuliza, kisha naisoma nikiweka alama kwenye kila swali lililojibiwa. Maswali yanayobaki bila alama ndiyo maoni yetu. Ukianza kwa kusoma, ripoti itakufundisha maswali yake yenyewe, na utasahau ya kwako.

Kwa mtambo wa Lamu, swali moja la namna hiyo ni la upepo. Kwasasi iko kaskazini ya mji, na mtu yeyote wa pwani anajua kwamba kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu na Machi huvuma kaskazi, ikitoka kaskazini-mashariki. Kwa hiyo lazima mtu aulize, katika miezi hiyo, moshi wa dohani iliyopangwa kufikia mita 210 ungeelekea wapi. Nahodha wa jahazi analijua jibu hili bila kompyuta. Kwetu, mvuvi wa usiku anayejua pepo za ziwa na majira yake anastahili kukaa meza moja na mtaalamu wa hewa, na ripoti isiyotaja mwelekeo wa upepo kwa kila majira irudishwe.

Swali la pili ni la maji. Mitambo ya kufua umeme kwa joto hupoozwa kwa maji mengi, na maji hayo yakirudishwa huwa ya moto kuliko yalivyochukuliwa. Katika Lamu waliohofia zaidi walikuwa wavuvi, kwa sababu ya mikoko na matumbawe. Katika Ziwa Tanganyika ninalihofia zaidi kwa sababu ya umbile la ziwa lenyewe: lina kina cha karibu mita 1,470, lakini maji yake ya chini kabisa hayachanganyiki na ya juu, na hewa ya oksijeni ipo katika tabaka la juu tu. Dagaa na migebuka wote wanaishi katika tabaka hilo. Ripoti yoyote itakayozungumzia ziwa letu kama tangi kubwa lisilojaa, kwa hoja kwamba lina maji mengi, imeliangalia kwa juu juu, na pia imesahau kwamba ziwa ni la nchi nne.

Ulizeni deni ni la nani

Sehemu hii haimo mara nyingi katika ripoti ya mazingira, lakini ulizeni tu. Katika miaka ambayo mtambo wa Lamu ulikuwa ukijadiliwa, mahitaji ya juu kabisa ya umeme ya Kenya nzima hayakufika megawati 2,000, na mtambo mmoja ungeongeza 1,050. IEEFA, taasisi inayochambua uchumi na fedha za nishati, katika uchambuzi wake wa 2019, ilikadiria kwamba mkataba wa kununua umeme ungeilazimu nchi kulipa kiasi cha dola milioni 360 kila mwaka kwa miaka 25, hata kama umeme wenyewe haukuhitajika. Mteja wa Lamu mwenye balbu mbili angelilipa hilo kupitia luku yake kama mteja wa Nairobi. Kwa hiyo ulizeni: mkataba ni wa miaka mingapi, na nani analipa mtambo usipotumika?

Fidia nayo iulizwe mapema. Mradi unapopangwa na kucheleweshwa, wanaoumia kwanza ni wenye mashamba waliokwisha kufanyiwa tathmini, wakaambiwa wasipande mazao ya kudumu, wakabaki wanangoja. Mchikichi huchukua miaka kabla haujazaa, na mkulima wa mawese aliyezuiwa kupanda kwa miaka mitano amepoteza zaidi ya miaka mitano. Takeni tarehe ya malipo iandikwe, na mpate nakala ya fomu ya tathmini yenye idadi ya miti yenu, mti kwa mti.

Andikeni maoni, mkihesabu siku

Maoni mazuri ni mafupi, yana namba za kurasa, na kila hoja inaomba jambo moja. Badala ya kuandika kwamba mradi utaharibu mazingira, andikeni kwamba ukurasa fulani unataja shimo la taka bila mchoro, na kijiji kinaomba mchoro huo pamoja na kina cha maji ya ardhini mahali hapo. Hoja ya namna hiyo haiwezi kujibiwa kwa hotuba.

Cheti cha mazingira kinachouruhusu mradi kikitolewa na hamkuridhika, siku za rufaa huanza kuhesabiwa mara moja. Kule Kenya zilikuwa 60, na watu wa Lamu waliingia ndani ya muda. Sheria yetu ya 2004 nayo imeweka baraza la rufaa za mazingira, kwa hiyo siku mnayosikia habari ya cheti mwulizeni mwanasheria wa halmashauri, au wa kituo cha msaada wa kisheria, siku zimebaki ngapi, na jibu lake mliandike kwenye daftari. Jalada zima litunzwe katika nakala tatu, moja kwa mtendaji, moja kwa katibu wa kamati na moja katika shule, na lisitupwe hata mradi ukifa, kwa sababu mradi uliofutwa kwa kasoro za utaratibu unaweza kuombwa upya, na siku hiyo mtahitaji kuonyesha mliuliza nini mara ya kwanza.

Jambo la mwisho linahusu mkutano wenyewe, na kwangu ndilo nisilokubali tena kulikosa. Kabla mkutano haujafungwa, katibu wa kijiji asome kwa sauti kila swali lililoulizwa, kama alivyoliandika, pamoja na jina la aliyeuliza na jibu alilopewa, na mwulizaji aseme kama ndivyo alivyosema. Kwetu tulianza utaratibu huo baada ya yale ya kokoto. Mara ya kwanza tulipoutumia, yule mama wa dagaa alisikiliza swali lake likisomwa, akanyoosha mkono, akataka iongezwe kwamba alisema “walioanikwa”, si “dagaa” tu, kwa kuwa walio majini vumbi haliwafiki. Katibu akafuta, akaandika upya, akasoma tena.